Vitabu vya picha kwa mtoto anayesubiri mdogo wake: kagua kwanza umri wa kichanga

Lalamiko la wazazi ni lile lile. Kitabu kilinunuliwa mapema, kikasomwa kila usiku, mtoto akakipenda. Mdogo wake alipozaliwa, alimtazama siku tatu kisha akauliza, "Huyu anarudi lini?" Watu husema ni wivu. Mara nyingi si wivu, ni kitabu kilichomdanganya: aliahidiwa mwenzake wa kucheza naye, akaletewa mtu wa kulala na kulia.

Rangi na uzuri wa michoro kila mnunuzi huviona mwenyewe. Kinachompita ni umri wa mtoto aliyechorwa. Fungua ukurasa wa kwanza baada ya kuzaliwa. Kama mtoto ameketi bila kuegemezwa, huyo ana miezi 6 hivi. Kama shingo imekaza na ameshika kichezeo, ana miezi 3 au 4. Kama anamtabasamia kaka yake, ameshapita mwezi mmoja na nusu. Kichanga wa kweli amekunja ngumi, shingo yake inataka mkono wa mtu, kipande cha kitovu bado hakijadondoka, na macho yake huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu. Hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, vipande vipande, na hunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24. Kwa hiyo tafuta picha ya mama ameketi ananyonyesha huku mkubwa akingoja. Hilo ndilo mtoto wako atakaloliona kutwa, na vitabu vingi hulipita kimya.

Vingine hutoka tumboni moja kwa moja hadi kwenye kutambaa. Mtu mzima anajua kwamba kati ya kurasa hizo mbili imepita zaidi ya nusu mwaka. Mtoto wa miaka miwili hajui; kwake ukurasa unaofuata ni kesho. Sasa aina za vitabu, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Nafasi ya kwanza: kurasa ngumu, wiki za mwanzo

Hapa naegemea upande wa Child's Play ya Uingereza, na sifichi. Wana mfululizo wa vitabu vidogo vya kurasa ngumu kuhusu mtoto mpya, vilivyochorwa na Rachel Fuller, ambamo maneno ni machache na ni ya mtoto mwenyewe. Maneno yakiwa machache, mzazi anasoma picha kwa lugha ya nyumbani na kutia majina ya watu wa nyumbani.

Kwa kampuni yoyote ile, kunjua kitabu mpaka majalada yagusane kwa nyuma. Ukisikia gundi ikitoa mlio pale kwenye mgongo, kirudishe. Pembe ziwe za mviringo. Tazama pia kingo za kurasa: kama tabaka za karatasi zimeanza kuachana kikiwa bado kipya, mate ya mtoto yatakimaliza upesi.

Ya pili: vya ujauzito, miaka 3 hadi 5

Hivi huwa na kurasa 24 au 32 za karatasi laini. Soma namna kinavyosema mtoto yuko wapi. Kikisema "tumboni" tu, wapo watoto watakaodhani mama amemmeza pamoja na chakula. Bora kitaje mfuko wa uzazi. Lazima pia kiwe na ukurasa wa mama anapoondoka kwenda kujifungua, ukionyesha nani anabaki na mkubwa. Bila huo mama anatoweka tu. Ukiamua kumsomea hata aliye chini ya miaka 3, anza kukisoma mwezi mmoja au miwili kabla ya kujifungua. Ukianza mapema zaidi, kungoja kunamchosha.

Ya tatu: vyenye vifuniko vya kuinua

Vinavutia, lakini kifuniko chembamba hung'oka haraka. Subiri afike miaka 3.

Ya nne: vya wivu

Usimsomee kabla ya mtoto kuzaliwa. Mtoto ambaye hakuwa na chuki anafundishwa kusema "simtaki". Kiweke kabatini, ukitoe ukiona dalili.

Ya mwisho: vinavyochapwa jina la mtoto

Hivi vinanikera. Unalipia jina, si kitabu. Baadhi ya wauzaji hutaka jina na jinsia ya kichanga ambaye hajazaliwa, kisha hawapokei kitabu kikirudishwa. Na ndani, kichanga amekaa wima!

Wauzaji wengine nao hawasaidii. Vitabu wamevifunga nailoni, huwezi kufungua. Kibandiko kinasema "miaka 0 hadi 6", kana kwamba mtoto wa mwaka mmoja na wa miaka mitano wana masikio sawa. Mtandaoni wanaonyesha jalada na kurasa mbili, zote za mama mjamzito. Omba picha za kurasa nne za mwisho kabla ya kulipa. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.

Bajeti ikibana, kuna maktaba na mitumba. Nusa kama kina ukungu, hesabu kurasa. Ongeza picha 8 au 10 za mkubwa mwenyewe alipokuwa kichanga.

Dakika 5 hadi 10 za kusoma zinatosha, yeye ndiye afungue kurasa. Mpe mwanasesere, amshike shingo kama inavyoonekana kwenye picha. Mtoto akishazaliwa, kitabu kihamie pale mama anaponyonyeshea. Ndiyo maana upana usizidi sentimita 20: mkono mmoja umeshika kichwa cha kichanga, mwingine lazima uweze kukishika kitabu peke yake.