Jarida la karatasi na jarida la simu kwa wapenzi wa michezo ya mezani

Sisi tunaokutana Jumamosi jioni barazani Shangani, mjini Mtwara, kucheza michezo ya vita ya dadu na ramani, hatujakubaliana kama jarida linunuliwe la karatasi au lipakuliwe kwenye simu. Mimi niko upande wa karatasi, ingawa sikatai kwamba toleo la kidijitali hufika papo hapo na kwa bei nafuu, ilhali la karatasi huagizwa Uingereza, likasubiriwa wiki kadhaa, kisha likapandishwa basi kutoka Dar es Salaam.

Hata hivyo, mchezo wenyewe huchezwa mezani. Ramani ya katikati ya jarida huchomolewa pini, ikatandazwa, ikawekewa kokoto pembeni isipeperushwe na upepo wa bahari, korosho ghafi zikawa askari, na watu wanne wakaiinamia kwa pamoja. Kwenye simu, mmoja huikuza kwa vidole huku wenzake wakimuuliza vikosi vyao viko wapi.

Kuhusu kudumu, unyevu wa pwani huzitia pini kutu na kurasa zikavimba. Lakini jarida la Marekani la Dragon, lililoanza mwaka 1976, liliacha kuchapishwa mwaka 2007 likahamia intaneti, na nakala zake za zamani za karatasi zinasomeka hadi leo bila nywila wala bando.

Simu naiachia kazi moja tu: kutafuta kanuni ubishi unapozuka.