Lenzi ya Fujifilm XF 35mm f/2: siku saba Rhodes, kisha Kamalondo

Usiku wa kufunga begi nilikuwa na lenzi mbili mezani. Zumu ya 16-55mm ninayopigia harusi, gramu 655, na hii ndogo ya 35mm, gramu 170. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anayeishi Ubelgiji ndiye aliyenialika tukutane Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, mwisho wa Septemba, na alishaniambia wazi kwamba tunaenda kupumzika, hatuendi kazini. Zumu nikaiacha Lubumbashi. Ninaandika kwa ajili ya wapiga foto wenzangu wa hapa, wanaoniuliza kila mara kama mtu anaweza kusafiri na 35mm peke yake. Mimi nimeweza, na nitasema pia mahali iliponibana.

Ilinibana siku ya kwanza tu. Mji wa kale wa Rhodes umezungukwa na ukuta, na vichochoro vyake vingine ni vyembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono unakaribia kugusa nyumba za pande zote mbili. Kwenye kamera yangu ya X-T30, lenzi hii inaona kama 53mm kwenye kamera za filamu, yaani eneo jembamba. Barabara ya Ippoton, iliyojengwa na wanajeshi-watawa wa Mtakatifu Yohane waliotawala kisiwa kuanzia 1309 hadi 1522, haikuingia yote. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango wa mtu. Anayetaka jengo zima atafute lenzi pana ya 16mm. Mimi nikasogea mbele, nikapiga ngao zilizochongwa kwenye mawe na paka aliyelala chini yake.

Siku ya tatu tulipanda basi kwenda Lindos, kilomita kama 50 kusini. Ni kijiji cha nyumba nyeupe, na juu yake, kwenye mwamba wa mita 116, kuna hekalu la Athena. Yaya alivaa kitenge cha bluu na njano na kilemba chake, akasimama mbele ya ukuta mweupe unaowaka jua, nikapiga. Akaja kuangalia kwenye kioo: "Eh, kadogo, sura yangu iko wapi? Uko unapiga ukuta ao uko unanipiga miye?"

Alikuwa na haki. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unazama gizani. Nikaongeza mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili. Uso ukarudi, ukuta ukaungua, hata mstari mmoja wa chokaa hauonekani. Ndipo nikamvuta hadi upande wa kivuli wa kichochoro, akaugeukia ukuta wa ng'ambo uliokuwa unapigwa na jua, hatua tatu hivi kutoka alipo. Ule ukuta ukawa taa. Mwanga wake ulimjia laini, ukakaa kwenye mfupa wa shavu na kwenye vitone vya jasho juu ya mdomo. Nilifungua tundu la lenzi hadi f/2.8 na fokasi nikaiweka kwenye jicho: nyuzi za kilemba zinahesabika, kichochoro nyuma yake kimeyeyuka polepole. Uso haukuvutwa pua kama zinavyofanya lenzi pana. Katika miaka yangu ya kupiga foto, hiyo ndiyo sura bora ya yaya niliyowahi kupata, na mama ameshaitundika sebuleni.

Nimejaribu jambo lile lile hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kwa ukuta wa chokaa wa jirani. Linafanya kazi, ila subirini saa tisa alasiri. Mwezi ule Rhodes jua la saa sita limeinama, kivuli kinapatikana. Letu liko utosini, linachimba macho ya watu.

Juu kwenye hekalu msibebe stendi ya miguu mitatu. Katika maeneo ya kale ya Ugiriki inahitaji kibali. Ndiyo maana f/2, tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, ina thamani, hata usiku mjini: nilishika kwa mkono, kasi ya 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, foto zikatoka safi. Pete ya kubadilisha tundu inageuka na kulia kli-kli kila theluthi ya hatua, unaifuata kwa kidole bila kuangalia.

Lenzi imekingwa dhidi ya vumbi na manyunyu, na hapo bandarini Mandraki upepo ulinirushia chumvi sana. Mwili wa X-T30 hauna kinga hiyo. Nilikuwa naufunika kwa kitambaa. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi fanyeni vivyo hivyo. Filta, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, ni ya 43mm, ngumu kupata hapa. Niliyouziwa kwenye duka moja la mjini iliweka taa zisizokuwepo kwenye kila foto ya usiku. Niliivua siku ya pili.

Sasa niseme kilichonigusa. Ndani ya mji wa kale kuna sinagogi ya Kahal Shalom, ya mwaka 1577. Sakafu yake ni kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kama maua. Niliomba ruhusa, nikapiga magoti, maana lenzi hii inakaribia hadi sentimita 35. Mzee aliyekuwa mlangoni akaniuliza natoka wapi. Niliposema Lubumbashi akasimama. "Elisabethville!" Ndilo jina la zamani la mji wetu. Wayahudi wengi wa Rhodes walikuja kwetu kufanya biashara wakati wa Wabelgiji. Karibu wote waliobaki kisiwani walichukuliwa na Wajerumani Julai 1944 na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Nilimwomba nimpige. Akakubali, na kwa 35mm ilibidi nisimame karibu naye, umbali wa watu wanaozungumza. Kamera ndogo haikumtisha. Aliendelea kuniuliza habari za mji huku napiga.

Lenzi yangu niliinunua ikiwa imetumika, dola 250. Ningeinunua tena.

Yule mzee aliomba foto ya sinagogi yetu ya hapa. Nitaenda Jumapili asubuhi. Barabara ni pana, nafasi ya kurudi nyuma ipo.