Kipima soketi cha taa tatu: uzoefu wangu kwenye nyumba ya kupanga Sakina, Arusha

Kama umepanga nyumba Arusha na bomba la bafuni linakutekenya ukiligusa huku shawa ya umeme imewashwa, nunua kipima soketi leo. Nimekitumia kwenye nyumba tunayoishi Sakina na nakipendekeza kwa moyo wote. Ila kina mipaka, na usipoijua inaweza kumgharimu mtu maisha, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kifaa chenyewe ni plagi ya pini tatu inayoingia kwenye soketi zetu za kawaida, mgongoni ina vitaa vitatu na maelezo ya kusoma taa. Nilikipata duka la vifaa vya umeme mjini, bei haikufika shilingi 20,000. Unachomeka, unawasha soketi, unasoma. Kwenye changu zikiwaka taa mbili, soketi imefungwa sawa. Ikiwaka moja tu, ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haifiki hapo. Hufungui kitu wala hugusi waya, na kwa mpangaji hilo ni jambo kubwa, maana huna ruhusa ya kufumua nyumba ya watu. Tesita ya bisibisi haifanyi kazi hii. Yenyewe inakuonyesha laivu, yaani waya unaoleta umeme, iko wapi, basi.

Sebuleni ziliwaka mbili. Vyumbani ikawaka moja kila soketi: matundu matatu yapo, lakini waya wa ethi haukuvutwa. Kwenye soketi hizo ndiko tunakopigia pasi ya bati. Jikoni, kwenye friji na jagi la umeme, ziliwaka mbili safi kabisa.

Nilimpelekea mama mwenye nyumba picha za taa zenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, nyumba hii ina umeme miaka yote, mbona hajafa mtu?" Nikamwambia mama, mtoto wangu anasimama pekupeku kwenye sakafu ya maji akifungua hilo bomba, sitaki awe wa kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niite fundi, tutagawana gharama. Namshukuru sana kwa hilo, wapo wenye nyumba wangekuambia uhame.

Sasa fundi. Hapa msichukue yeyote wa kijiweni. Nilitafuta mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na kabla hajaja nikamuuliza kwa simu: una mashine ya kupima ethi, au unakuja na tesita tu? Wengi walijibu kwamba wataangalia kwa macho. Aliyekuja ni kijana aliyesoma Chuo cha Ufundi Arusha, mpole, anaeleza kila anachofanya. Jambo la kwanza alizima meini swichi, akafungua soketi ya jikoni, ile iliyofaulu. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha waya mweusi, kifupi kama kidole, kimetoka kwenye skrubu ya niutro, waya unaorudisha umeme, kikaingia kwenye skrubu ya ethi. Ethi halisi haikuwepo. Aliyefunga aliziunganisha hizo mbili ili ionekane ipo.

Kipima soketi hakiwezi kulijua hilo. Kinaona njia ya kurudi kutoka laivu mpaka pini ya ethi, kinawasha taa. Lakini siku niutro ikikatika mahali fulani, umeme unaopita kwenye jagi au friji unarudi kwa kile kipande na bodi ya bati yote inakuwa laivu. Nilipoelewa hivyo nilitetemeka. Friji ile tunaishika mara ngapi kwa siku!

Akaenda nje nyuma ya ukuta, karibu na mita ya LUKU, ambako waya wa kijani na njano unaingia ardhini. Aliuvuta kwa vidole viwili, ukatoka. Klampu ilikuwa imelegea na kuota kutu ya kijani. Aliisafisha, akaikaza, kisha akachomeka vijiti viwili vya mashine yake ardhini kwa mstari mmoja kutoka kwenye rodi, ile fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini, na kupima. Ikasoma omu 180; omu ni kipimo cha jinsi njia inavyouzuia umeme, na kwa ethi ikiwa ndogo ndiyo nzuri.

Akanipigia hesabu kwenye kikaratasi, na naomba kila mpangaji aielewe. Volti 230 gawanya kwa 180, unapata kama ampea 1.3. Breka ya ampea 32 haitashtuka kwa mkondo huo hata kesho. Kwa hiyo laivu ikigusa bodi ya friji, breka inabaki imewaka na bodi inabaki na umeme. Hata ungekuwa na omu 10, ni ampea 23 tu, bado breka imetulia. Ndiyo maana nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe inahitaji RCD, ile swichi inayokata inapohisi umeme unavuja. Yetu haikuwa nayo. Aliweka ya miliampea 30.

Alipigilia pia rodi ya pili, mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa rodi, na kipimo kikashuka vizuri. Kumwaga chumvi kwenye shimo la rodi, kama mafundi wengine wanavyopenda, alikataa: mvua inaiosha na inakula shaba.

RCD ilipowashwa, shawa ikaiangusha. Tukawasha tena, ikaanguka tena. Shawa yetu ilikuwa ya waya wa joto ulio wazi ndani ya maji, na waya wake wa ethi ulikuwa umeviringwa na kufichwa nyuma ya kifuniko bila kuunganishwa popote. Ule mtekenyo wote ulitoka hapo. Tukanunua ambayo waya wake wa joto umefunikwa, akavuta ethi mpaka bafuni, na kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai sasa tunaoga maji ya moto bila hofu.

Dosari za kipima chenyewe: maelezo yake ni ya Kiingereza kwa herufi ndogo mno, na kwenye soketi iliyolegea taa zinapepesa hadi ukishikilie. Kama mfuko unaruhusu, chukua chenye kitufe cha kujaribu RCD, kwa sababu kile kinavujisha umeme kupitia ethi yenyewe. Kitufe kilichopo kwenye RCD hufanya kazi hata ethi ikiwa imekatika, hivyo RCD ikianguka kwa kukibonyeza usiseme ethi ni nzima.

Fundi ametushauri apime tena Februari kabla ya masika, udongo ukiwa mkavu, maana ndipo kipimo hupanda. Mama mwenye nyumba amekubali, na ameomba siku hiyo aanze na vyumba vya uani, ambako wapangaji watatu wanatumia soketi moja kwa ekstensheni.