Skrubu za barafuni kwa kwadi: angalia jino la tairi kabla hujatoa hela

Msimu uliopita nilinunua skrubu 1,000. Nikazikaza kwenye matairi moja moja kwa siku mbili, kiganja kikatoka malengelenge, nikapeleka kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, kwenye mbio za juu ya ziwa lililoganda nikiwa na matumaini ya bi harusi. Mizunguko mitano ya kwanza niliruka kama mshale. Baada ya hapo nyuma ikaanza kuserereka kila kona, na kadiri nilivyobana akselereta ndivyo magurudumu yalivyozunguka bure. Tulipomaliza, kijana aliyekuwa nyuma yangu alinifuata, akavua glavu na kufungua kiganja. Skrubu nne. "Dada, hizi ni zako. Zilikuwa zinanigonga kofia."

Nilikwenda kumlaumu aliyeniuzia skrubu. Nilikosea, japo huyo naye nina lake la kumwambia huko mbele. Skrubu zilikuwa nzima. Lililoniangusha ni tairi, na si tairi lote, ni meno yake, yale mavimbe ya mpira yanayokanyaga chini na ndimo skrubu zinamokazwa. Kwadi ikiwa juu ya stendi, nilisukuma jino moja kwa kidole gumba likalala lote, na kichwa cha skrubu kikalala nalo. Lilikuwa linacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia habari za injini, rangi wala ukubwa wa rimu. Hayo kila muuzaji anayajua kwa moyo. Mimi nina swali moja tu, na nimepanga kila kitu hapa chini kwa swali hilo: ukilisukuma jino, linalala?

Sababu ni hii. Watu wengi hudhani skrubu hushika barafu kwa ncha, kama msumari. Sivyo. Ncha imezama ndani ya mpira; kinachotazama barafu ni kichwa. Kichwa cha skrubu ya mashindano kina pembe sita na mfereji katikati, na kingo zake ndizo zinazokwangua barafu kama patasi. Kingo hizo zinafanya kazi kichwa kikiwa kimesimama. Jino likipinda, unachoipa barafu ni ubapa wa chuma, na chuma bapa juu ya barafu ni kiatu cha kutelezea. Tena kila jino linapopinda, skrubu inatikisika na tundu lake linapanuka. Leo nywele, kesho mchele, keshokutwa skrubu iko kwenye kofia ya mwenzio.

Tairi refu la meno, lile la tope na mchanga, limeundwa lipinde. Huko ni sifa, kwa sababu jino likipinda linakung'uta tope. Barafuni unataka kinyume chake: jino fupi, pana chini kuliko juu, lililokaa karibu na wenzake, na mwili wa tairi usio laini. Mimi sasa sishuki chini ya ply 6 (kipimo cha uimara wa mwili wa tairi) kwa nyuma.

Namba 1: tairi la meno mafupi na skrubu za Kold Kutter

Nakiri upendeleo, na hakuna aliyenilipa. Nimejaribu aina tatu za skrubu na sirudi nyuma. Kold Kutter zina kichwa chenye kingo zilizoinuliwa, na chuma chake kimefanywa kigumu kwa moto kiasi kwamba kingo hazimalizwi na siku moja ya mbio. Zinauzwa kwa urefu mbalimbali, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wanachagua urefu kwa macho.

Usichague kwa macho. Urefu unaohesabika ni ule wa chini ya kichwa, yaani sehemu inayozama. Inchi 1/2 ni milimita 12.7, inchi 5/8 ni karibu milimita 16, inchi 3/4 ni milimita 19. Pima urefu wa jino, ongeza unene wa mpira wa chini yake, kisha chagua skrubu inayoishia ndani ya mpira bila kuchungulia upande wa pili. Kaza moja tu, halafu tia mkono ndani ya tairi upapase. Ukihisi kincha, hata kidogo kama mwiba wa samaki, rudisha pakiti ukachukue fupi zaidi. Kincha hicho kitavujisha upepo polepole, nawe utapata ile pancha ya kuudhi isiyoonekana, tairi linaamka kila asubuhi limelegea.

Anayetaka skrubu ndefu atie bitana. Unachukua tairi kuukuu lenye uso laini, unalikata kingo zenye waya, unalipachika kwa gundi ndani ya tairi lako. Sasa skrubu inapita jino, inapita mwili wa tairi, inauma bitana. Haitoki kirahisi, na jino lenyewe linakuwa gumu maana limeshonewa chini. Uzito unaongezeka na kazi ni ya kutoa jasho, lakini kama tayari una matairi ya meno ya wastani na huna hela ya mengine, bitana ndiyo inayoweza kuyaokoa. Meno marefu kama yale yangu ya mwanzo haiyaokoi. Nilijaribu. Dawa ya jino bovu ni kung'oa.

Kwenye kukaza, tumia drili ya mwendo mdogo na soketi ya inchi 1/4. Kichwa kikigusa mpira na kukaa sawasawa, acha. Ukiendelea, uzi wa skrubu unachana mpira na tundu halishiki tena.

Namba 2: tairi lililokwisha kufungwa skrubu na fundi wa mashindano

Kama mfuko unaruhusu, hili lingekuwa la kwanza. Fundi mzuri ameshachagua jino, ameshatia bitana, na skrubu zake hazikukaa ovyo: za nyuma zimepangwa kwa ajili ya kusukuma, za mbele kwa ajili ya kona, nyingi zikiwa kwenye meno ya pembeni. Fundi wa kweli atakuuliza pia uwanja wako. Mbio za duara huzungukia kushoto, kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo yanayobeba mzigo wa kona, na asiyekuuliza hilo ni mfungaji wa skrubu tu.

Nimelishusha daraja kwa sababu moja. Wauzaji wengi wanapiga picha tairi kwa juu, skrubu zinang'aa kama vito, na hakuna anayepiga picha jino kwa ubavu. Omba picha ya ubavu, na rula ikiwa imesimamishwa kando ya jino. Ukijibiwa kwamba "tairi ni jipya kabisa", hilo silo ulilouliza.

Namba 3: vijiti vya kabaidi vya kukaza kwenye tairi, kama Grip Studs

Hivi vina uzi mpana kama wa kizibuo na ncha ya tungsteni kabaidi, chuma kigumu kisichoogopa lami. Kwa mtu anayetoka nyumbani kwa kwadi, akapita barabara, akafika ziwani kuvua samaki, sijui kitu bora zaidi. Vichwa vya skrubu vikivuka lami au sakafu ya zege mita chache tu vinakuwa butu. Mimi natandika mkeka wa mpira kutoka kwenye trela hadi ukingoni.

Ila kwa mashindano, ncha ile inachoma na haikwangui. Inakuzuia usiteleze, haikusukumi kama kingo za skrubu. Na uzi ule mpana unahitaji mpira mwingi wa kuuma, kwa hiyo jino jembamba linapasuka. Tumerudi kwenye jino.

Namba 4: skrubu za kawaida za bati kutoka duka la vifaa vya ujenzi

Chuma laini, kichwa chenye washa (pete ya chuma) bapa. Butu kabla ya chakula cha mchana. Zifunge kwenye tairi la mazoezi.

Namba 5: minyororo ya kuzungushia tairi

Ya kusafisha theluji. Kwenye mashindano sahau.

Sasa lile langu na muuzaji. Aliniuzia pakiti ya skrubu 500 iliyoandikwa "seti kamili ya kwadi". Piga hesabu nami. Tuseme tairi la nyuma lina meno 100, na kila jino unalikazia skrubu tatu: 300. Mawili ni 600. Seti kamili imeisha na hata nyuma hujamaliza! Yakifuata ya mbele kwa skrubu 200 kila moja, umefika 1,000 na huna hata moja ya akiba. Nikarudi kununua nyingine 500, nikalipa usafirishaji mara ya pili, na safari hii bei ilikuwa imepanda kwa sababu msimu umeanza. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Barafu ikikaza, nazo bei zinakaza. Nunua kiangazi, wakati wauzaji wanataka kumaliza stoo, na hesabu meno yako mwenyewe kwa kalamu ya rangi kabla ya kuagiza. Si kazi ya kuaibisha. Inaaibisha zaidi kuwa na gurudumu moja kipara kwenye mstari wa kuanzia.

Mambo mawili matatu ambayo si ya kununua lakini yanakula faida ya ulichonunua. Upepo: kwadi za michezo kwa kawaida hukaa psi 4 au 5, na kushusha kidogo kunaongeza skrubu zinazogusa barafu, lakini ukishusha mno ubavu wa tairi unajikunja na meno yanapinda hata yakiwa mafupi. Hali ya hewa nayo: karibu na nyuzi 0 barafu inalowa na kulainika, hata skrubu iliyochoka inauma, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu inakuwa kama kioo, na hapo ndipo vichwa butu vinapokuumbua. Mimi nabadilisha skrubu za meno ya pembeni ya kulia kwanza, ndizo zinazokufa mapema. Na madigadi usiyafungue kwa ajili ya kupunguza uzito. Gurudumu lenye skrubu mia tatu linalozunguka wazi ni msumeno, na huyo aliye pembeni yako ana miguu.

Soma pia kanuni za wanaoandaa mbio kabla ya kununua chochote. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani, AMA, kinabana aina ya skrubu na ukubwa wa kichwa chake, na kina madaraja ya matairi yasiyo na chuma kabisa. Ile misumari ya milimita 28 unayoiona kwenye spidiwei ya barafu (mbio za pikipiki za duara) ya FIM, shirikisho la kimataifa la pikipiki, ni ya pikipiki zile peke yake. Usimwendee mwandaaji na misumari hiyo kwenye kwadi, atakurudisha na trela lako.

Matairi yangu ya kwanza bado ninayo. Niliyatangaza kuyauza, nikaandika wazi kwamba meno yanalala na matundu yamepanuka. Mtu wa kwanza kupiga simu aliuliza kama yana skrubu zote. Nikamwambia hapana, nne anazo kijana aliyekuwa nyuma yangu.