Uzoefu wangu wa kununua nyumba ya kwanza Malindi

Nimepanga Maweni miaka kumi na moja. Mwaka juzi mimi na mume wangu tulikata shauri kutafuta nyumba yetu wenyewe, hapa hapa Malindi. Nawaandikia wenzangu wanaoanza, maana mimi nilianza kichwa chini miguu juu: nilitazama nyumba kabla sijauliza ardhi.

Nyumba ya kwanza tulionyeshwa na dalali. Vyumba vitatu, baraza pana, mwembe uani, bei milioni mbili na laki tatu. Niliipenda mno, hata nikawa nishapanga kitanda cha mama kitakaa wapi. Dalali alikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake mkataba wa zamani wa mauziano wenye muhuri wa wakili, pamoja na risiti zilizofungwa kwa mpira. "Karatasi zote hizi hapa, dada," akasema, "ukichelewa kesho kuna mtu analeta arubuni." Mjomba alikuwa amefuatana nasi. Alizifungua zile risiti akazisoma moja moja kwa kidole. Zote ziliandikwa maneno yale yale: kodi ya kiwanja.

"Mwanangu, hii ni nyumba bila ardhi," akaniambia. "Hapa unanunua kuta."

Kwa msomaji wa bara asiyejua: huku mwambao zipo nyumba nyingi ambazo jengo lina mwenyewe na kiwanja kina mwenyewe mwingine. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wadai ardhi zao ziandikishwe. Waliodai wakapata hati, na wengi ambao hawakudai wakajikuta wanaishi kwenye ardhi ya mtu au ya serikali. Mwenye nyumba ya namna hii humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Anaweza kuiuza nyumba au kuwarithisha wanawe, lakini hatimiliki hana, na kiwanja kikiuzwa inabidi azungumze upya na mtu asiyemjua. Siwadharau wanaoishi hivyo. Bibi yangu alizeeka katika nyumba kama hiyo, na humo humo tukamlilia. Lakini fedha zetu nyingi zilikuwa za mkopo wa sacco, na sacco ilitaka hati iwe dhamana. Tukaiacha. Dalali hakuwahi kututamkia neno ardhi hata mara moja, na ada aliyotutoza ya kuonyesha nyumba hakuirudisha. Kwake simwelekezi mtu.

Ya pili ilikuwa Muyeye, vyumba viwili, milioni nne na laki mbili. Safari hii tuliomba kwanza nakala ya hati, tukafanya sachi, yaani kuulizia kiwanja kwenye rejista ya ardhi, kabla ya kwenda kuiona. Majibu yakaonyesha kiwanja kimewekwa rehani benki. Moyo ulinipasuka, lakini mwenye nyumba hakukana, na wakili wetu akatutuliza: mkataba utaandikwa benki ilipwe kwanza kutoka kwenye fedha zetu, rehani iondolewe kwenye rejista, ndipo salio limfikie muuzaji.

Sasa nimsifu mpima ardhi, maana huyu ndiye aliyetufaa kuliko wote. Alifika saa moja asubuhi na ramani yake, akiwa na kijana mwenye jembe. Bikoni tatu, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zilionekana mapema. Ya nne haikuwepo pale tulipodhani. Akapima tena, akatazama ukuta wa jirani, kisha akaenda kubisha hodi na kuomba ruhusa kwa adabu. Kijana akachimba upande wa jirani, karibu na banda la kuku. Jembe likagonga zege, akafukua kwa mikono, kikatokea kipande cha chuma chenye kutu. Ukuta ulikuwa umeingia kiwanjani kwetu mita moja na nusu. Jirani mwenyewe alishangaa. Alikuta ukuta umeshajengwa. Wazee wa mtaa wakakaa nasi, tukaandikiana, na muuzaji akapunguza shilingi 150,000. Bila mpima tungeligundua jambo hilo siku ya kujenga, tena kwa ugomvi.

Fundi naye tulimlipa aikague nyumba. Aligonga dari ya slabu kwa mpini wa nyundo, mahali pawili plasta ikalia kama debe tupu. Akabandua kidogo, tukaona nondo zimevimba kwa kutu. Hewa ya chumvi hii haina huruma. Gharama ya kutengeneza tuliijua kabla ya kutia sahihi. Maji ya kisima niliyaonja mwenyewe, yana chumvi, ni ya kufulia tu.

Wakili nampa sifa nusu. Kazi yake ni safi, simu hapokei. Siku 90 za mkataba zilipita tukaongeza mwezi. Lakini alishikilia kwamba lazima ipatikane ridhaa ya wake wa muuzaji, wote wawili, na mmoja yuko Mambrui. Muuzaji alinung'unika, wakili hakutetereka mpaka sahihi zote mbili zikapatikana, na kwa hilo namshukuru sana.

Jambo moja lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimesikia kwamba anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza husamehewa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki. Msamaha huo upo, ila ni kwa nyumba za mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Sisi tulinunua kwa mtu binafsi, tena ndani ya manispaa, kwa hiyo ni asilimia 4: shilingi 162,000 ambazo hatukuziweka kwenye bajeti. Ukiongeza wakili, mpima, fundi na kulipia malimbikizo ya kodi ya kaunti tuliyokubaliana kugawana na muuzaji, utaona kwamba bei ya nyumba si fedha yote unayohitaji. Sisi tulimkopa dada yangu.

Hati ilitoka kwa majina yetu mawili. Ukuta bado uko pale pale. Jirani ameomba tumvumilie mpaka mwisho wa mwaka, na mume wangu ameshapaka bikoni chokaa ili ionekane.