Altezza yangu ilinoki, nikaiacha 1JZ nikachukua injini ya Gita

Sauti ilianzia Ubena Zomozi, natoka Morogoro narudi Dar, jioni. Nalipita semi, nimekanyaga mafuta, turbo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, inapuliza vizuri, mara nasikia ko-ko-ko kutoka chini. Nikatoa mguu, ikapungua. Nikagusa mafuta kidogo, ikarudi kubwa zaidi. Mwenye akili angezima pale pale. Mimi nikajiambia ni plagi, nikasogea kama kilomita tatu hadi taa ya oili ikawaka na moshi wa bluu ukajaa nyuma. Brekidauni hadi Dar niliilipa kwa hela ya ada ya mtoto, na mama watoto bado ananikumbusha.

Gari ni Toyota Altezza RS200, gia sita za mkono, injini 3S-GE Beams. Kwa asili yake ni injini tamu: lita mbili, haina turbo, nguvu za farasi 210, na inapenda kuzungushwa juu. Kosa lilikuwa kuifunga turbo. Beams ina kompresheni ya 11.5 kwa 1, yaani yenyewe tayari inabana sana, na Wajapani waliikusudia petroli ya oktani kubwa. Ukiisukumia hewa ya turbo juu ya pistoni zile zile za kiwandani, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kipigo chote kinaishia kwenye pistoni na koniroti, ile fito inayoishika pistoni kutoka chini. Fundi aliyenifungia alisema, "Bro, tunapuliza kidogo tu, haina shida." Miezi minne kweli haikuwa na shida. Wa tano nikamwomba aongeze. Na ile geji ya kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta niliibania hela, nikanunua rimu.

Safari hii nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, namwita mjomba ingawa hatuna undugu. Kabla hajafungua chochote alimwaga oili kwenye beseni jeupe la kuoshea vyombo, akalisogeza juani. Ilikuwa inameremeta. Chembe za rangi ya shaba zinazunguka taratibu kama rangi ya kucha iliyomwagika. Akachovya kidole, akanipaka kiganjani. "Hiyo metali ya koniroti, mwanangu. Umeitembelea."

Pistoni namba tatu ilikatika ukingo kati ya ringi na ringi, kipande kikachana silinda. Kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa na mfereji unaoushika kwa ukucha. Tulipiga hesabu ya ovahoo, yaani kuifungua na kuijenga upya: kuchonga kranki, kutoboa bloki, pistoni za kuagiza na kusubiri. Hesabu ikakataa.

Kutafuta Beams nyingine? Nilizunguka Ilala siku mbili. Zipo, ila ni injini zilizoanza kutoka mwaka 1998, na wengi wa wenye nazo walizizungusha kama nilivyoizungusha mimi. Ya kwanza nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta tope jeusi. Ya pili ilipigwa msasa na kupakwa rangi ikang'aa, lakini vichwa vya bolti vyote vimeliwa na spana. Muuzaji anasema imetoka Japan juzi. Labda Japan ya Buguruni.

Vijana wenzangu wote walikuwa upande mmoja: weka 1JZ-GTE, injini nyingine ya Toyota, ya silinda sita. "Mji utakuheshimu." Sikatai, lita 2.5 na turbo yake ya kiwandani, nguvu 280 kwenye makaratasi. Lakini gia boksi yangu ya J160 haijulikani kwa kuvumilia vipigo vya namna hiyo, kwa hiyo 1JZ inakuja na gia boksi yake, klachi yake, propela ya kuunga, na nyaya za kuhangaika nazo. Bei ya injini ni kiingilio tu. Tena nilikuwa nimetoka kuua moja kwa ajili ya turbo, mwezi haujaisha.

Ni mjomba aliyenikumbusha kuwa Toyota wenyewe waliwahi kuweka 2JZ-GE, lita tatu isiyo na turbo, kwenye bodi hii hii: Altezza Gita AS300, yaani Altezza ya wagon, na kwa soko la Marekani ikaitwa Lexus IS300. Cha kufurahisha, pistoni ya 2JZ ina kipenyo cha milimita 86 na inatembea milimita 86, sawasawa na 3S. Ni kama wamekuongezea silinda mbili za injini uliyoizoea.

Hapa pana mitego, na nilikaribia kuingia yote. Kuna 2JZ-FSE, ile ya D4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, muuzaji atakwambia "ni 2J hiyo hiyo kaka." Siyo, na mafundi wetu wengi hawataki kuigusa. Soma herufi kwenye bloki, usisome mdomo wa mtu. Halafu kuna Gita za 4WD. Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa ya hiyo, tulipoangalia mkia wa gia boksi tukakuta transfa, ile ya kupeleka nguvu magurudumu ya mbele, imening'inia. Kwangu haifai.

Niliyochukua ilikuja na otomatiki yake ya gia tano, kontroli boksi (kompyuta ya injini) na waya wote haujakatwa. Muuzaji aliiwasha chini kwa betri, mjomba akapima kompresheni silinda zote sita, zikakaa pamoja. Kabla ya kuipandisha tulibadili mkanda wa taimingi, maana kwenye 2JZ-GE yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Usikubali kuambiwa "huu bado mzima".

Nimetembea nayo kilomita 6,000. Mlima wowote inapanda bila kelele, na kuovateki hakuna tena kupiga hesabu. Lakini pua imekuwa nzito. Bloki ni chuma na sasa silinda ni sita, springi zangu fupi zikalala na tairi ya kushoto ikaanza kusugua fenda, nikarudisha za kawaida. Mjini inakula, lita moja haifiki kilomita saba. Na mguu wa kushoto bado unatafuta klachi. Hilo linaniuma kuliko mafuta. Pia usisahau kadi ya gari: namba ya injini na ujazo vimebadilika, na bima wataangalia hapo hapo siku ya tatizo.

Oili ya kwanza tuliibadili baada ya kilomita 1,000. Mjomba akatoa lile lile beseni jeupe, akalisogeza juani, tukainama wote wawili. Nyeusi tu.

Turbo ninayo ndani, nzima, naiuza. Njoo uione kwanza ndiyo uulize bei ya mwisho.