Mtambo wa gumegume wa Kiingereza: mmoja nimeujenga, mmoja nimeununua

Naishi Pennsylvania. Huku kuna msimu wa kuwinda kulungu unaofunguliwa baada ya Krismasi, ulioanzishwa mwaka 1974, na sharti lake ni kwamba bunduki iwe ya gumegume, yaani ile ya kale inayowasha baruti kwa jiwe kupiga chuma. Neno hilo nililijua tangu utoto Bagamoyo, kabla sijakiona kitu chenyewe. Babu alilitumia kwa zile bunduki kuukuu zilizoshushwa pwani yetu kwa wingi katika karne ya 19, na za Kiingereza zilikuwa na neno Tower (yaani Mnara wa London) kwenye bamba la mtambo, ile sehemu ya ubavuni inayopiga cheche. Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza bunduki yangu, sikutaka mtambo mwingine ila wa Kiingereza. Na haikuwa kuvunja mila ya hapa: mafundi wa zamani wa Pennsylvania walichonga magogo (ule mwili wa mbao wa bunduki) na kufunga mitutu, lakini mitambo mingi waliiagiza Birmingham, Uingereza, hasa yenye jina la Ketland, watengenezaji wa huko.

Mitambo ya kuiga unaweza kuipata kwa njia mbili. Unanunua uliokamilika, kwa watu kama Chambers wa North Carolina au L&R wa South Carolina, au unanunua vipande vya kalibu ukavimalizie mwenyewe. Nimefanya yote mawili, na nataka kueleza pesa yangu ilinunua nini.

Nilianza na vipande. Nililipa dola 170 kwa duka ambalo sitalitaja, nikasubiri miezi saba. Kifurushi kilipofika nilifurahi kama mtoto. Bamba lilikuwa na umbo zuri la mviringo, mkono wa kushika jiwe (Waingereza huuita jogoo) una shingo nyembamba ya kupendeza, na hata michoro ilitoka vizuri kwa sababu kalibu zilitengenezwa kwa nta kutoka kwenye mtambo halisi wa zamani. Lakini chuma kikipoa kwenye kalibu hupungua kama asilimia 2. Ukiwa na bunduki ya kale na unataka kubadilisha kipande kimoja tu, cha kalibu hakitakaa. Itabidi uchukue seti nzima, au uongeze chuma kwa kuchomelea.

Matundu hayakuwa yametobolewa. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu kwa dhati mafundi wa tupa wa Darlaston na Wednesbury, miji iliyolisha Birmingham na London kwa mitambo ya aina hii. Tundu la katikati, linalopitisha mhimili wa kipande cha ndani kinachozunguka pamoja na mkono, lazima liwe wima kabisa juu ya bamba. Langu lilipinda kidogo, hata jicho halikuliona. Matokeo yake kipande kilikuwa kinasugua bamba upande mmoja na mkono ukaanguka kwa uzito, kama mlango uliolegea bawaba. Niliziba tundu, nikatoboa upya kwa mashine yenye meza badala ya kekee ya mkono. Wiki mbili zilikwenda kwa tundu moja.

Kosa la pili lilikuwa la hatari zaidi, na naliandika ili asirudie mtu. Mkato wa kupanza nusu, yaani unaoushikilia mkono ukivutwa nyuma nusu tu kwa usalama, niliuchonga kwa kina kifupi. Unatakiwa uwe kama mdomo, kikomeo (kipande kinachoachia mkono triga ikivutwa) kiingie ndani na kisitoke hata ukivuta triga kwa nguvu zako zote. Wangu ulikuwa kama ngazi tu. Nilipopanza nusu na kuvuta triga, mkono ulianguka. Hapakuwa na baruti wala mtutu, mtambo ulikuwa kwenye jiliwa mezani. Ukijenga mtambo, lijaribu hilo mara nyingi kabla haujakaribia gogo la bunduki.

Halafu ukaja moto. Cheche za gumegume si za jiwe. Jiwe linakwangua chembe za chuma kutoka kwenye frizeni, lile bamba lililosimama juu ya kisahani cha baruti, na chembe hizo ndizo zinazowaka zikidondoka. Frizeni laini hukwanguka bila kuwaka, na frizeni iliyo ngumu kupita kiasi huvunjika. Yangu niliipasha moto mpaka sumaku ikakataa kuishika, nikaichovya kwenye mafuta, nikairudishia moto mdogo hadi rangi ya majani makavu. Nilipiga mara kumi na sikupata cheche hata moja. Chuma cha kalibu kile kilikuwa na kaboni kidogo mno, jambo ambalo muuzaji hakulitaja popote. Ikanibidi niifungie kwenye kisanduku cha chuma pamoja na unga wa makaa na mifupa, nikaipika kwa saa kadhaa ili kaboni iingie juu juu. Ilitoa cheche nzuri msimu mmoja, kisha jiwe likala lile tabaka gumu.

Dawa niliyoipata ni ya zamani sana: kupachika soli, kama ya kiatu. Nilikata bamba jembamba kutoka kwenye msumeno wa kale, nikalitia ugumu peke yake, nikalibandika usoni mwa frizeni kwa risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwa joto dogo ili ugumu usipotee. Huu ni msimu wa tatu na haijanidai kitu.

Mtambo wa pili niliununua umekamilika, dola 250, wa mtindo wa Kiingereza wa miaka ya mwisho ya gumegume, enzi za akina Durs Egg na Joseph Manton, mafundi wa bunduki wa London. Nilipoupanza mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Kamani kuu (springi inayousukuma mkono) haigusi kipande cha ndani moja kwa moja, imeungwa kwa kiungo kidogo kinachocheza, hivyo mkono unapanda laini na kushuka kwa kasi mpaka mwisho. Kwenye kamani ya frizeni kuna kigurudumu kidogo, frizeni ikishaanza kufunguka inaruka yenyewe. Ndani kuna kijibawa, Waingereza hukiita nzi, kinachozuia kikomeo kisinase kwenye mkato wa nusu wakati mkono unaanguka. Hii ni muhimu kwa mwenye triga mbili nyepesi.

Nilichokinunua hasa ni ulinganifu wa kamani mbili. Kamani ya frizeni ikiwa na nguvu mno, jiwe linavunjika meno kila mpigo. Ikilegea, frizeni inakimbia kabla jiwe halijakwangua. Kwenye mtambo niliojenga nilisugua kamani hiyo kwa msasa kidogo kidogo karibu mwezi mzima. Huu ulikuja tayari, na kwa jiwe moja jeusi la Brandon, kule Suffolk, nilipiga mara 40 kabla ya kulinoa. Jiwe lenyewe lifunge kwa kipande cha ngozi, na likae sambamba na uso wa frizeni. Nimeona watu wakilaumu mtambo kumbe jiwe limekaa upande.

Malalamiko niliyonayo ni madogo. Bamba lilikuja na alama za mashine ambazo picha za tangazo hazikuonyesha, nikatumia jioni mbili kuling'arisha. Na skrubu zake ni za vipimo vya Kimarekani, si vya Kiingereza cha kale. Kama unatengeneza nakala ya makumbusho, hilo litakukera.

Kwa bunduki ya kwanza, nunua uliokamilika. Vipande vya kalibu vichukue pale tu unapotaka umbo ambalo hakuna anayeliuza, kama nilivyotaka mimi lile bamba la mviringo la bunduki za Tower. Kabla ya kulipa muulize muuzaji frizeni ni ya chuma gani, yenye kaboni kiasi gani, na kama imeshatiwa ugumu au bado. Asipokujibu, tenga pesa ya msumeno wa kale.